Mjukuu hanitazami: Je, ni macho au ni usonji?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nina swali moja tu."

Hivyo ndivyo yalivyoanza mazungumzo yangu na msikilizaji mmoja aliyepiga simu katika kipindi chetu cha afya. Bibi huyu analea mjukuu wa kiume mwenye umri wa miaka 4. Mtoto hamtazami mtu usoni. Akiitwa jina lake, hageuki. Anapenda kukaa mlangoni akipunga vidole mbele ya mwanga wa jua. Maneno anayosema hayazidi matano. Jirani amemwambia bibi kwamba mtoto haoni vizuri. Mwalimu wa chekechea amemwambia huenda ni usonji. Shangazi wa mtoto anasema hayo ni mambo ya upande wa mama yake.

"Sasa mimi nimpeleke kwa daktari wa macho au wa huo usonji?" bibi akauliza. "Maana nauli niliyonayo ni ya safari moja."

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale hewani, nikamwomba anipe muda. Makala hii ni jibu lake. Ni jibu pia kwa wasikilizaji wengine waliotuma ujumbe baada ya simu ile wakiuliza: je, matatizo ya macho yana uhusiano na usonji?

Jibu kwa ufupi

Uhusiano upo, lakini si ule ambao wengi wetu tunaudhani. Usonji hausababishwi na makengeza wala na kutoona mbali. Na mtu mwenye usonji si lazima awe na macho mabovu. Ila mambo haya mawili hukutana kwa mtoto mmoja mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, na kibaya zaidi, moja huweza kulificha jingine. Mtoto asiyeona vizuri anaweza kudhaniwa ana usonji. Mtoto mwenye usonji anaweza kukaa miaka bila mtu kugundua kwamba haoni vizuri, kwa sababu kila analofanya linaelezwa kwa neno moja: "usonji".

Tukumbushane kwanza. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana katika maisha. Unagusa jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na mara nyingi huambatana na tabia za kurudiarudia jambo lile lile. Hauambukizi, si laana, na hautokani na malezi mabaya. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na tangu hapo elimu imeongezeka sana. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kama wastani huo unashika hapa kwetu, kata yenye watu 10,000 ina watu karibu 79 wenye usonji. Si jambo la mbali. Wako kwenye vijiji vyetu.

Kutotazama si kutoona

Watu wengi huchanganya mambo mawili: mtoto asiyekutazama na mtoto asiyekuona. Mtoto mwenye usonji anaweza kuokota punje moja ya mchele sakafuni, akaona ndege juu ya mwembe kabla yako, lakini uso wako asiutazame. Macho yake yanaona. Ila nyuso za watu hazimvuti kama zinavyowavuta watoto wengine, au kutazamana macho kwa macho kunamchosha.

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Marekani, Warren Jones na Ami Klin, walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto wachanga tangu wakiwa na umri wa miezi 2. Waliwaonyesha video za mwanamke akimsemesha mtoto, huku kifaa kikirekodi mahali macho ya mtoto yanapoelekea. Watoto ambao baadaye walibainika kuwa na usonji walianza kwa kutazama macho ya yule mwanamke kama watoto wengine. Kisha, kati ya miezi 2 na 6, wakaanza kuyatazama kidogo kidogo zaidi.

Kwa hiyo kutotazama usoni ni dalili inayojulikana ya usonji. Mtego uko hapo hapo. Kwa kuwa tunajua watoto wenye usonji hawatazami, tunaacha kuuliza kama wanaona.

Wapi macho na usonji hukutana

Kuna njia tatu zinazofaa kuzijua.

Ya kwanza ni matatizo ya kawaida ya macho. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba watoto wenye usonji hupata makengeza na matatizo ya kuhitaji miwani mara nyingi kuliko watoto wengine. Hupata zaidi pia tatizo liitwalo jicho vivu. Hapo jicho moja halipeleki picha safi, ubongo unalipuuza na kutegemea jicho lile jingine. Jicho vivu lina saa yake. Likigunduliwa mapema, miwani na kuziba jicho zima kwa muda vinaweza kulifundisha upya. Mtoto akishapita umri wa miaka 7 au 8, kazi hiyo inakuwa ngumu sana. Mtoto anayeachwa kwa sababu "ni usonji tu" anaweza kupitwa na muda huo.

Njia ya pili ni chanzo kimoja kinachoathiri macho na ubongo kwa pamoja. Watoto njiti, hasa waliozaliwa kabla ya wakati kwa miezi mingi, wako katika hatari ya kuharibika mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho, na pia wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na usonji. Chanzo kingine ni ugonjwa wa rubela. Kwa mtu mzima rubela huonekana kama homa ndogo na vipele. Lakini ukimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, humfikia mtoto tumboni.

Aliyegundua jambo hili alikuwa daktari wa macho. Mwaka 1941 Norman Gregg wa Sydney, Australia, alishangaa kuona watoto wengi wachanga wenye mtoto wa jicho katika kipindi kifupi. Akawasikiliza mama zao, akagundua kwamba karibu wote waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mlipuko wa rubela wa 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara ya ugonjwa huo: macho, masikio, moyo na ubongo. Daktari Stella Chess wa New York alifuatilia watoto 243 kati yao. Mwaka 1971 aliandika kwamba 18 walikuwa na usonji, wengine kamili na wengine kwa sehemu. Ni idadi kubwa mno kwa kundi dogo kama hilo.

Hapa nataka kusema neno juu ya uvumi ambao bado unazunguka kwenye simu zetu, kwamba chanjo huleta usonji. Uvumi huo ulipata nguvu mwaka 1998 kutokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, juu ya watoto 12 tu na chanjo yenye kinga ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000. Waliopata chanjo hawakuwa na usonji zaidi ya wasiopata. Ukweli ni kinyume cha uvumi: rubela ya tumboni ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa usonji na upofu, na chanjo inaizuia. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Mtoto huchomwa akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Mzazi anayeikwepa akiogopa usonji anaufungulia mlango ule ule anaotaka kuufunga.

Njia ya tatu ni chakula, na hii haizungumzwi sana. Watoto wengi wenye usonji huchagua mno chakula. Mwingine atakula ugali mkavu tu, mwingine chipsi tu, na mboga hataki hata kuigusa. Madaktari katika nchi tajiri wameandika visa vya watoto wa namna hii waliopoteza uwezo wa kuona kwa kukosa vitamini A, katika nchi ambako chakula kimejaa madukani. Dalili ya mwanzo ni mtoto kushindwa kuona vizuri giza linapoingia: anajikwaa, anapapasa, anakataa kutoka nje jioni. Baadaye jicho linakauka na linaweza kupata kidonda. Matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi 6 ni ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto akitimiza miaka 5, matone yale hayapati tena kwa kawaida, lakini tabia ya kuchagua chakula inaweza kuendelea. Basi jaribuni kumzoesha, kidogo kidogo na bila kumlazimisha, chakula kimoja chenye vitamini hiyo: viazi lishe, embe, papai, mchicha, matembele, yai au ini. Akikataa vyote, mwambieni mhudumu wa afya waziwazi kwamba mtoto anakula vitu viwili tu.

Kutoona kunapofanana na usonji

Sasa tugeuze upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa haoni huweza kujibembeza, kubonyeza macho kwa vidole, kuchelewa kusema, na kurudia maneno aliyoyasikia bila kuyatumia kwa maana. Hatazami usoni kwa sababu hauoni uso. Hanyooshi kidole kuonyesha ng'ombe kwa sababu hajawahi kumwona mtu akinyoosha kidole. Ukiwa na orodha ya dalili za usonji mkononi, unaweza kuweka alama kwenye nyingi.

Watafiti wa Uingereza, Peter Hobson na Tony Lee, waliwafuatilia watoto 9 waliozaliwa wasioona, ambao utotoni walikuwa wametimiza vigezo vya usonji. Baada ya miaka 8, ni mmoja tu aliyekuwa bado anatimiza vigezo hivyo. Katika kundi la kulinganisha la watoto 7 wanaoona wenye usonji, wote 7 waliendelea kuvitimiza. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Ni kundi dogo, na hayamaanishi kwamba asiyeona hawezi kuwa na usonji. Wapo wenye vyote viwili. Lakini yanatufundisha kutoharakisha kumbandika mtoto jina kabla ya kujua anaona kiasi gani.

Lipo pia tatizo ambalo jicho lenyewe ni zima, ila sehemu ya ubongo inayopokea picha imeumia. Huwapata baadhi ya watoto waliochelewa kulia wakati wa kuzaliwa. Mtoto wa aina hii huvutwa na taa na vitu vyenye rangi kali, lakini hupotea kwenye eneo lenye vitu vingi, na nyuso hazitambui. Naye ni rahisi kuambiwa ana usonji.

Kwa nini hawapimwi

Unaweza kudhani kwamba katika nchi zenye madaktari wengi jambo hili limetatuliwa. Sivyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 uliangalia mahudhurio zaidi ya 63,000 ya watoto kwenye kliniki. Kati ya kila watoto 100 wasio na usonji, 60 walipimwa macho. Kati ya kila 100 wenye usonji, waliopimwa ni 37 tu. Wale wanaohitaji kipimo zaidi ndio wanaokipata kidogo.

Sababu inaeleweka. Kipimo tulichozoea kinadai mtoto akae, afumbe jicho moja, aseme alama imeelekea wapi. Mtoto mwenye usonji huenda hasemi, anaogopa kushikwa uso, au kelele za foleni zimeshamchosha. Mhudumu anajaribu mara moja, mtoto analia, faili linaandikwa "hakutoa ushirikiano", na safari imeishia hapo.

Na sisi tulio kwenye vyombo vya habari tuna sehemu yetu. Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, tunaalika wataalamu wa usonji. Alhamisi ya pili ya Oktoba, Siku ya Uoni Duniani, tunaalika wataalamu wa macho. Hata mimi nimefanya hivyo miaka yote. Sijawahi kuwaketisha pamoja. Lakini mtoto anayehitaji msaada wao ni yule yule mmoja, na mlezi wake ana nauli moja.

Mlezi afanye nini

Kwa bibi, na kwa kila mwenye mtoto wa namna hii, jibu langu ni hili: anza na macho, lakini usiishie kwenye macho. Unaanza na macho kwa sababu matatizo yake yana muda wa kutibika, kwa sababu kipimo chake kinapatikana karibu zaidi, na kwa sababu mtaalamu wa usonji naye atataka kujua kwanza kama mtoto anaona na kama anasikia. Masikio nayo yapimwe safari hiyo hiyo ikiwezekana. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii.

Kabla ya safari, piga simu au mtume mtu akuulizie hospitali ya wilaya kliniki ya macho ni siku gani. Kama zahanati iko karibu, pitia huko uombe barua ya rufaa. Uliza pia kama kuna mtu wa masikio siku hiyo.

Nyumbani, tumia simu yako. Kama ina kamera, rekodi video ya dakika moja mtoto akicheza, akila, na akiitwa jina. Daktari atajifunza mengi, maana hospitalini mtoto huenda asionyeshe tabia hizo. Kisha angalia picha zake zilizopigwa kwa mwanga wa kamera. Mboni ikionekana nyeupe au kama jicho la paka gizani, usisubiri siku ya kliniki. Huenda ni mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa hutakiwa kutolewa mapema sana, katika wiki na miezi ya kwanza ya maisha. Upasuaji wa mtoto mdogo huhitaji nusu kaputi na wataalamu wa watoto, kama walioko Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au KCMC Moshi, hivyo rufaa ianze haraka.

Jaribu pia kuziba jicho moja kwa kiganja wakati mtoto anaangalia kitu anachokipenda, kisha zamu ya jicho la pili. Akikubali upande mmoja na kupigana upande mwingine, huenda umeziba jicho pekee linaloona vizuri. Hicho si kipimo cha kuamua, ila ni jambo la kumweleza daktari.

Mzoeshe mtoto siku chache kabla. Mmulike taratibu kwa tochi mkononi, kisha karibu na uso. Mvalishe fremu ya miwani ya mchezo. Nenda asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, na beba kile kitu anachokipenda, hata kama ni kifuniko cha chupa.

Mkifika, sema maneno yote mawili: "Nina wasiwasi na macho yake, na nimeambiwa huenda ana usonji." Mwombe mhudumu awape muda. Mtoto asiyesema anaweza kupimwa. Mtaalamu humulika jicho kwa kifaa chenye mwanga, akaweka lenzi mbele yake, na kuona mwenyewe miwani gani inahitajika bila mtoto kujibu swali lolote. Leo ikishindikana, uliza tarehe ya kurudi. "Hakutoa ushirikiano" isiwe majibu ya mwisho.

Macho yakishapimwa, kama bado haongei, hageuki na hachezi na wenzake, ombeni rufaa ya uchunguzi wa usonji. Hakuna kipimo cha damu cha usonji. Wataalamu humtazama mtoto na kumuuliza mlezi maswali mengi, kwa hiyo ile video na kumbukumbu zako ni sehemu ya kipimo.

Na mtu asikuahidi kwamba miwani itaondoa usonji. Haitauondoa. Lakini mtoto mwenye usonji anayeona vizuri ataona mkono unaomwita, picha kwenye kitabu na njia ya kwenda shuleni. Ana mengi ya kujifunza kwa njia ya macho. Haifai ajifunze kupitia ukungu.

Nilimpigia bibi kabla ya kuweka makala hii. Ameshaulizia: kliniki ya macho ya wilaya yao ni Jumanne na Alhamisi. Tochi amempa mtoto aichezee, na sasa hataki kuiachia. Wanakwenda Alhamisi, kwa basi la alfajiri.